Maisha ya Wahida binti Mbaruku na Maradhi Tuliyoyaita Ucha Mungu

Assalaam alaykum. Wazee wetu shikamooni, na ninyi wengine poleni kwa kukaa nasi siku hizi tatu. Leo Alhamisi, tarehe 2 Oktoba 2025, hitma imekwisha na tanga linaanuliwa, na familia imenipa mimi, Shaima, binti wa marehemu, kazi ya kusoma habari za maisha yake. Karatasi niliyokabidhiwa mwanzo ilikuwa na mistari kumi na minne, na mmoja ulisema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Huo sitausoma, kwa sababu aliugua miaka kumi na tisa.

Marehemu Wahida binti Mbaruku Maulidi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Mlingotini, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mbaruku Maulidi na Bi Mina, nyuma ya kaka yake Nasser, ambaye ndiye mjomba wangu aliyekaa hapo mbele. Alisoma madrasa na shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, akafaulu, nafasi ya sekondari hakuipata, na mwaka 1984 akapelekwa kwa shangazi yake Bagamoyo mjini kujifunza ushonaji.

Mwaka 1988 alifungua chumba cha cherehani hapa Zinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam, akishona sare za shule, na wazazi walikuja kwake hata kutoka mbali kwa sababu mshono wake haukufumuka. Wasichokijua ni kwamba kila mshono alikuwa ameshaufumua yeye mwenyewe, mara mbili, mara tatu, akiona haujanyooka, na akiushona upya unatoka vilevile ulivyokuwa mwanzo. Tulimsifu kwa umakini. Mwaka 2019 alikifunga chumba hicho, kwa kuwa sare za Januari zilikuwa zinatoka Aprili.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Husseni Amiri, dereva wa lori, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2014, na walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 21 Mei 1999, na mdogo wangu Ammar, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2006.

Miezi miwili baada ya Ammar kuzaliwa ndipo maradhi yalipojitokeza wazi. Mama alianza kurudia udhu, akitawadha akifika kwenye mguu anakumbuka kiwiko, akirudi kwenye kiwiko anatilia shaka nia, na ndoo ikiisha anaanza upya, mpaka Adhuhuri ikawa inamkuta bafuni na Alasiri inamkuta humohumo. Ngozi ya vidole ilipasuka ikawa inatoa damu, na kwa kuwa damu nayo ilimtia shaka, aliosha tena. Wanawake wenzake bombani walimpa jina la Bi Ndoo Saba, wakawa wanamwuliza kama leo amewaachia maji, naye alicheka nao, kisha akarudi nyumbani kutawadha. Sisi wa ndani tulisema mama ni mcha Mungu. Wageni walipokuja tuliwaambia hivyo kwa fahari, na mimi nilikuwa nasema kwa sauti kuliko wote.

Marehemu mwenyewe hakudanganyika. Mwaka 2011 Sheikh Abdulazizi wa msikiti wetu, tuliyemwita nyumbani, alimkalisha barazani akamweleza kwa upole kwamba dini haimtaki mtu mwenye wasiwasi arudie, akamwambia, "Bi Wahida, udhu wako ulitimia mara ya kwanza." Mama akamjibu, "Najua, sheikh. Kichwa changu ndicho kinachokataa kujua." Sheikh alitushauri siku ileile tumpeleke hospitali. Tulimpeleka baada ya miaka kumi na tatu.

Tarehe 5 Februari 2024, katika kliniki ya afya ya akili jijini Dar es Salaam, Daktari Kulthum alitupa jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza, kwamba ni ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia, na kwamba si jini, si uvivu, wala si ucha Mungu uliopita kiasi. Alitueleza kuwa iko njia ya mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, na vituo vilivyo ndani kabisa, ambayo kwa mtu asiye na ugonjwa hutoa tahadhari kisha ikatulia, na kwa mgonjwa huyu haitulii, inaendelea kupiga king'ora wakati moto umeshazimwa. Alisema pia kwamba kemikali ya ubongo iitwayo serotonini inahusika, maana dawa zinazoiongeza kati ya seli huwasaidia wagonjwa wengi, ingawa wataalamu wenyewe hawajamaliza kuelewa ni kwa namna gani, na kwamba ugonjwa huu hufuata damu katika baadhi ya koo, na kwa baadhi ya wanawake huanza au huzidi baada ya kujifungua. Nayasoma haya kutoka kwenye daftari nililoandika siku ile, ili asije mtu akasema nimeyatunga.

Dawa aliyoandikiwa ni fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi, kipimo kipandishwe taratibu, pamoja na mazoezi ya kugusa anachokiogopa na kukaa bila kuosha. Daktari alirudia mara mbili kwamba dawa hii kwa ugonjwa huu huchelewa, mtu asihukumu kabla ya wiki kumi na mbili. Ramadhani iliingia tarehe 12 Machi, wiki ya tano. Mama alinipigia simu kuniuliza afanye nini na kidonge cha asubuhi naye amefunga, na mimi, niliyesoma chuo kikuu miaka mitatu, nilimjibu aache mpaka Idi, mwezi mmoja hauna neno. Kingeweza kunywewa baada ya futari. Lilikuwa swali la dakika moja kwa daktari, na sikuuliza. Baada ya Idi mama alikataa kuanza tena, akasema alikunywa wiki tano na hakuona kitu, na alikuwa anasema kweli.

Tulirudi kliniki tarehe 14 Oktoba 2024. Safari hii alikunywa kila siku, kipimo kikapanda mpaka vidonge vitatu, akalalamika kichefuchefu, akavumilia, na katika wiki ya kumi na mbili, tarehe 2 Januari 2025, alitawadha mara moja, akatoka bafuni, akaswali Adhuhuri kwa wakati wake. Jirani yetu Bi Mgeni alikuwapo, na aliacha kuchambua mchele akamtazama mpaka mama akatoa salamu ya kumaliza swala. Ramadhani ya mwaka huu alikunywa dawa baada ya futari na alikwenda tarawehe msikitini. Hakupona kabisa, jioni nyingine alirudia mara tatu, lakini alikaa na wageni, akanishonea gauni, na hakulifumua.

Ni hapo alipoachishwa dawa. Baada ya Idi ya mwezi Juni wakubwa wa familia walikaa bila mimi wala Ammar, wakaona kwamba mtu mzima aliyepona hana haja ya vidonge vya wagonjwa wa akili, vitamharibia jina, na Mjomba Nasser akampeleka Msata kwa mganga, siku kumi na moja, anywe kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua, na aache dawa za hospitali. Daktari alikuwa amesema zisiachwe kabla ya mwaka mmoja tangu nafuu, na kamwe zisikatwe ghafla. Karatasi yenye maneno hayo ilikuwa kwenye kabati la vyombo, na hakuna aliyeifungua. Mwezi Agosti ndoo zilirudi.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, akitawadha kwa mara ya nne kwa ajili ya Adhuhuri, mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, damu ikaganda na kupanda kwenye mapafu, na Jumanne tarehe 30 Septemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya Alasiri.

Sijasimama hapa kumshtaki mtu, maana nimejitaja na mimi. Nimesimama kwa sababu ya Ammar, naye ameniruhusu kusema. Mdogo wangu alishindwa kumaliza mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kwa kuwa alikuwa anafuta jibu na kuliandika tena, na jibu lilikuwa sahihi. Alianza dawa ileile tarehe 11 Septemba. Bado haijamsaidia, na wiki ya sita huenda ikafika bado haijamsaidia. Jumanne, kaburi halijakauka, nilisikia humu ndani ikisemwa kwamba hitma ikiisha apelekwe Msata.

Jana niliipeleka karatasi hii kwa Mjomba Nasser, maana haifai kusoma habari za mtu bila yeye kuziona. Aliisoma yote, nikadhani ataichana. Akaniuliza, "Vya Ammar vinanywewa saa ngapi?" Nikamjibu, baada ya kifungua kinywa. Leo asubuhi alimletea Ammar uji mwenyewe, akasimama pale mpaka kidonge kikashuka, kisha akaniambia nisome kama nilivyoandika.

Familia inamshukuru Daktari Kulthum, wauguzi wa wodi ya mifupa, Sheikh Abdulazizi, Bi Mgeni na majirani wote wa Zinga waliopika na kuchota maji, na wafanyakazi wenzangu waliosafiri kutoka Dar es Salaam. Namshukuru Mjomba kwa uji. Hasira yangu haijaisha, naye anajua.

Atakayetaka kutufariji zaidi, asimshauri Ammar chochote kabla ya tarehe 4 Desemba, atakapotimiza wiki kumi na mbili za dawa.

Mama, upumzike kwa amani. Zimebaki wiki tisa.