Papa Lusenge na Chupa Nyekundu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nne katika laboratware, maabara ya hospitali yetu hapa Mususa, Papa Éliakim Lusenge anastaafu. Amechoka. Mikroskopi haikumchosha, kilichomchosha ni grenadine, ile soda nyekundu ya chupa.

Alitoka kijijini kwake Kipese na koti moja, akaanza kwa kuosha vioo vya vipimo. Umeme ukikatika, alisogeza mikroskopi dirishani akaendelea kuhesabu chembe nyekundu za damu kwa mwanga wa jua.

Miaka yote hiyo alirudia somo moja. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Figo zikiona oksijeni imepungua, zinatuma agizo huko, na chembe mpya zinatoka. Kila chembe imetupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba, kama dereva anayeng'oa viti apakie viazi. Inachukua oksijeni mapafuni, inaigawa mwilini, siku mia na ishirini, kisha inakufa bila kudai pansheni. Watu waliitikia kwa kichwa, wakaenda kununua grenadine. Kitu chekundu kinaongeza damu, nani hajui?

Siku moja Jumaine, mfanyabiashara wa Beni, alimleta binti yake Rachida. Malaria ilikuwa imeharibu chembe zake, midomo imekuwa myeupe, na friji ya damu ilikuwa tupu. Walikuja na ndugu kumi na wawili, sufuria nne na kasiye nzima ya chupa za grenadine. Papa Lusenge alipoomba mtu wa kutoa damu, wajomba wawili walikumbuka kwamba mbuzi wao hakufungwa, wakaenda zao.

"Papa Docta," Jumaine akasema, "damu ya mwanaume ikitoka, hairudi tena."

Papa Lusenge akadondosha grenadine kwenye kioo, akamsogeza Jumaine kwenye mikroskopi. "Angalia mwenyewe. Unaona chembe? Hapana. Iko sukari na rangi. Yako itarudi, papa. Mifupa hapana kufanya grève, haigomi kazi."

Jumaine akalala kitandani. Damu yake ililingana na ya mtoto, akawekewa. Kesho yake Rachida akadai chakula, sombe ya majani ya muhogo. Tangu hapo, kila miezi mitatu Jumaine anapanda kutoka Beni na madereva wake, kutoa damu.

Lakini sisi? Laboratware ina watu kumi na mmoja, wote tunajua somo. Papa Lusenge ametoa damu mara sabini. Sisi wengine tukijumlishwa na hospitali nzima, mara mbili, zote Mama Kanyere wa mapokezi. Sasa umri umemzuia mzee kutoa, na friji ni tupu vile vile.

Amekataa zawadi ya mbuzi, amekataa saa ya ukutani. Ameomba jambo moja: siku ya sherehe ya kumuaga, kila anayetaka kumsifu alale kwanza kitandani atoe damu. Orodha ya hotuba ilikuwa na majina tisa. Leo asubuhi yamebaki mawili: Mama Kanyere, na mwandishi wa mistari hii, ambaye hana mbuzi wa kukimbilia.

Aksanti, Papa Éliakim. Viazi utakavyolima ukirudi Kipese vistawi, magoti yakuheshimu, na siku utakayokuja kutusalimia, ufungue friji usikasirike.