Nyumba ya Njano

Benchi letu linatazamana na zile nyumba ndogo za kale zilizobanana ufukweni: ya bluu, ya waridi, ya kijani, na ya njano, ya Nanga, baharia mstaafu. Ukungu ukitanda asubuhi unaona rangi tu zikielea, nyumba huzioni, mpaka unajiuliza kama umeamka kweli. Wageni huvuka kwa boti kuja kuzitazama. Leo boti ya mchana inamleta mnunuzi wa ile ya njano, na Nanga hajaamua. Kahawa ilikuwa bado ya moto tulipoanza kumwamulia.

FUNDI RANGI: Usiuze, kaka. Njano ile naipaka mimi kila mwaka. Meli zinaiona kabla ya kukiona kisiwa.

SHEMEJI (kaka wa marehemu mke wa Nanga): Acha kamba zako! Njano ni kwa sababu jua hulala humo.

FUNDI RANGI: Jua lilale kwenye chumba na sebule?

SHEMEJI: Linajikunja.

MIMI: Nyinyi mnaziita nyumba. Zile ni mashua, zimepanda nchi kavu kupumzika. Siku moja zitaondoka na wageni wakiwa ndani.

NANGA: Yangu ikiondoka, mniambie imeelekea wapi.

Alicheka kidogo, macho hayabanduki kwenye mlango wa ile ya njano.

Akaja mama mmoja mgeni, viatu mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Samahani, ile ya njano, ndani ina rangi gani?

Fundi hupaka nje tu. Shemeji hajaingia tangu kabla ya msiba wa dada yake. Tukamgeukia Nanga, anayelala kwa shemeji yake mpaka leo.

NANGA: Mke wangu alikuwa anapaka mwenyewe. Aliniambia nikirudi safari nitaona. Nikarudi, keshazikwa. Sijafungua.

Roho iliniuma. Miaka yote tunakaa mbele ya nyumba ile, hatukuwahi kumuuliza.

Nanga akainuka, akavuka mchanga. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Akausukuma kwa bega, akapotea ndani. Tukasikia madirisha yakifunguliwa. Boti ya mchana ikapiga honi. Ndipo sauti yake ikatoka, nzito:

— Shemeji! Ni ya waridi! Kabakiza ukuta mmoja.

— Sasa huyu mnunuzi tumwambieje? Shemeji akapaza sauti.

— Mwambieni arudi zake. Fundi, niletee brashi!