Mwalimu Filesi, wa Chama na wa Mume Wake

Wafiwa wa ukoo wa Kabambe, wachungaji, wazee wa kijiji, walimu mliojaa uwanja mzima na fulana zenu za kijani, na majirani wote wa hapa Mthandiza, tunaomba utulivu. Kwa desturi yetu karatasi hii ya wasifu ingesomwa na mjomba wa marehemu, Mzee Zakeyo Kabambe, lakini mume wa marehemu, Mwalimu Laston Chisale, amekataa kata kata, akasema amemgawa mkewe kwa watu kwa miaka thelathini na tatu, na leo angalau kusoma atasoma yeye. Kwa hiyo huyu mnayemsikia ndiye mume, na kila mtakaposikia “mume wake” mjue anajisema mwenyewe.

Na kabla ya yote mjue pia jambo ambalo nusu yenu mmeshanong’onezana. Tangu juzi Jumamosi mume huyu amekuwa akiuomba ukoo kitu kimoja tu, kwamba siku yake itakapofika azikwe ubavuni mwa mkewe, upande wa kulia, kwa kuwa kushoto amelala mama mkwe. Mzee Zakeyo alimjibu mbele ya watu, “Mkamwini, sisi tulikupa mke, hatukukupa makaburi, ukifa watakuja wa kwenu Salima na gari lao wakuchukue.” Mkamwini ndivyo aitwavyo hapa mwanaume aliyefuata mke kwao, na hata akae hadi mvi zimwote atabaki mgeni. Nafasi ile ya kulia, eti, ameiwekea mjomba mwenyewe. Hadi mume alipomaliza kuandika karatasi hii jana jioni, jibu lilikuwa ni hilo hilo.

Mwalimu Filesi Kabambe alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa hapa Mthandiza, wilaya ya Dowa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Yokoniya na marehemu Bi Anasibeko, akaanza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1983, kisha akasomea ualimu kuanzia 1984 hadi 1986. Wanaomkumbuka chuoni wanasema alikuwa mpole na hasemi sana. Mume wake amewasikia wakisema hivyo tangu jana, naye anajiuliza huyo mpole walimpeleka wapi, maana yeye hakuwahi kukutana naye.

Januari 1987 alipangiwa kazi katika Shule ya Msingi Chimbwala, wilaya ya Salima, akapewa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia, madawati hakuna na chaki za kubahatisha. Mwalimu wa darasa la pili, kijana wa hapo hapo Salima ambaye ndiye huyu anayesoma, alipoona mwalimu mgeni anaandika ubaoni kwa kipande kidogo kama punje ya hindi, alimpelekea chaki zake nne alizokuwa ameziweka akiba, akiwa amechana nywele vizuri na shati amelichomekea. Filesi alishukuru sana, akakata chaki zote vipande, akawagawia walimu wa kike wa shule nzima. Hapo ndipo mume wake alipoonja wivu kwa mara ya kwanza, na kama angekuwa na akili angejua kuwa huo ndio utakuwa chakula chake cha kila siku.

Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1989 katika kanisa la hapa kijijini, mwaka uliofuata wakahamia wote wawili Shule ya Msingi Kadzuwa, ile ng’ambo ya mto, na Mungu akawajalia watoto watatu. Dalitso alizaliwa tarehe 2 Februari 1991, Umodzi tarehe 20 Agosti 1995, na Pempho tarehe 11 Novemba 1999. Jina la mtoto wa pili, ambalo maana yake ni umoja, lilichaguliwa kwenye mkutano wa chama cha walimu. Mume alikuwa amemwekea jina la mama yake mzazi, akaambiwa limechelewa.

Mwaka 1994, elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa la Mwalimu Filesi lilifurika hadi watoto wakawa wanakaa kwa zamu, na walimu wa Kadzuwa wakamchagua kuwa mwakilishi wao katika chama, baadaye akawa mwenyekiti wa tawi, na kuanzia 2008 mwenyekiti wa wilaya nzima. Wengine walitaka chama kizungumzie mishahara peke yake. Yeye aliwaambia, “Jamani, mshahara wangu na dawati la mtoto ni shauri moja, mkivitenganisha serikali itawanyima vyote viwili mkiwa mmekaa mnaangaliana.” Alipigania walimu wa kike waliopelekwa shule za mbali na kupewa nyumba ambazo mbuzi angezikataa, na alipigania wasichana waliozaa warudi darasani. Walimu wa kiume walipopinga, wakidai msichana wa hivyo atawaharibu wenzake, aliwauliza, “Na yule aliyempa mimba, si yuko darasa la nane pale anacheka? Mbona huyo hamwogopi kwamba ataharibu wenzake?” Tereza Mbewe alirudi darasani mwaka 1997 na mtoto mgongoni, na leo ni mwalimu, amekaa pale mstari wa mbele, analia kwa sauti kuliko watoto wa marehemu. Mume wa marehemu ameliona hilo. Hasemi kitu, ila ameliona.

Mume huyu hakujiunga na chama hata siku moja. Walidhani anaiogopa serikali, wengine wakamwita kibaraka wa ofisi ya elimu, lakini haikuwa siasa, ilikuwa roho inamuuma. Mtu anawezaje kujiunga na kitu kinachomchukulia mke? Kila nsima ilipotengwa mezani, simu ililia, na kila ilipolia alikuwa Bwana Wyson Mtonga, katibu wa chama wa wilaya. “Madam, samahani, mko mezani?” Wakati wote tulikuwa mezani! Marehemu angetoka nje na ile simu akazunguka nyumba akicheka, mboga ikapoa, mume akabaki anahesabu samaki. Siku moja ya mwaka 2010 alipanda baiskeli hadi Mponela kulikokuwa na mkutano, akasimama dirishani ajionee huyo Mtonga ana nini cha ziada. Hakuona ubaya wowote. Alichoona ni mkewe amesimama mbele ya walimu mia mbili, anawasimulia kisa cha mkaguzi wa shule aliyekimbizwa na bata mzinga, na ukumbi mzima umevunjika mbavu. Kisa hicho mume wake ndiye aliyemsimulia, wakiwa wawili tu jikoni, na marehemu hakusema amekipata kwa nani. Mume alirudi kwa baiskeli kilomita zote zile akiwa amenuna, na alipoulizwa usiku ule ana nini, alisema ni kichwa.

Februari 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa katika hospitali ya wilaya, kisha akahamishiwa Lilongwe, ambako alilazwa mara tatu. Chama kilipanga zamu za kumwangalia, na walimu walikuja kwa makundi, wakaimba, wakamletea machungwa na kinywaji cha thobwa, hadi siku moja muuguzi alipomkuta mume amekaa kwenye kona alimuuliza, “Na wewe baba, umetoka tawi gani?” Alfajiri ya Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, ilipofika zamu ya mume mwenyewe, ambayo alilazimika kuiomba kama wengine, Mwalimu Filesi alimwomba amgeuze upande wa kulia, akamshika mkono, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Wakati huo hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Mume anaomba lieleweke hivyo, na asitokee mtu wa kusema naye alikuwepo.

Maneno yanayofuata hayakuwemo jana, yameongezwa kwa kalamu asubuhi hii. Wachimba kaburi walipokuja kusema kazi imekamilika, Bwana Mtonga na walimu waliopangwa kubeba jeneza walikaa chini, wote, wakalizunguka, na wale wengine mliokuwa nje mkaingia mkakaa pia. Mtonga akasema, “Jeneza halinyanyuki mpaka ukoo umjibu mwenzetu.” Mzee Zakeyo akafoka, “Mnagoma hata msibani? Nyie watu mmelelewa na nani?” Mtonga akamwonyesha jeneza kwa kidevu, akasema, “Na huyu hapa, mzee.” Kina mama walicheka huku wanalia, mjomba akaingia chumba cha ndani na wazee wenzake, wakakaa huko mpaka chai ikapoa, na alipotoka alisema yeye atalala mstari wa chini karibu na kaka yake, na nafasi ya kulia ni ya mkamwini.

Mume alipaswa kufurahi, na amefurahi, ila mtamsamehe. Hata hilo amepewa na chama. Ameomba siku mbili kwa mdomo wake mwenyewe, hakupata, na Mtonga kakaa chini asubuhi moja tu, kapata! Tena kasema “mwenzetu”, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa mwenzao. Fulana ya kijani aliyoletewa hapa mbele ataipokea kwa heshima, lakini kuivaa hataivaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dowa na Lilongwe kwa uvumilivu wao, majirani wa Mthandiza kwa kuni, maji na kukesha pamoja nasi, wachungaji kwa maombi, Mzee Zakeyo kwa neno lake la leo, ambalo watu wote wamelisikia na halirudi nyuma, na walimu wa chama, pamoja na Bwana Mtonga, kwa yote waliyoyafanya, hata yale ambayo mume wa marehemu angependa kuyafanya mwenyewe.

Sasa Filesi, mke wangu, tangulia. Watu wote hawa walikuwa na sehemu yao kwako, na mimi nilikula kilichobaki nikanuna, na kilichobaki kilinitosha, sikuwahi kukwambia. Leo nimepata upande mmoja ambao hakuna kamati wala tawi litakalonipokonya. Akija mtu kukuomba nafasi hiyo, na ninakujua, utataka kumpa, mwambie pana mwenyewe, yuko njiani. Lala salama, Mwalimu, na usogee kidogo tu.