Firigisi ya Krismasi

Gari lilipotoka Kitale, Phelista alifumba macho alale, lakini abiria wawili mbele yake hawakumpa nafasi. Gicheru, meneja wa hoteli mpya ya chakula cha Kijapani, alikuwa akimsomea mama asiyemjua tangazo lake la sikukuu: "Krismasi, kuku wa kukaanga wa Kijapani, sahani ya watu wawili, soda bure."

"Watu wawili? Krismasi?" mama akashangaa. "Na hao wengine mmefukuza?"

Phelista akasahau usingizi.

"Mama, Japani ndio wanakulanga hivyo."

"Sawa. Na firigisi anapewa nani?"

"Hiyo sisi tunatupa, bana."

Mama alimtazama kwa huruma, kama anayemwona mtoto aliyekosa chanjo. "Kijana, firigisi ni ya mtu wa heshima. Na wewe siku hiyo utakula wapi?"

"Nitakuwa kazini."

"Ati kazini! Kuja kwangu Sirisia. Firigisi nitakuwekea wewe."

Gicheru alisema haiwezekani, kazi ni kazi. Mama alisema yeye hajauliza habari ya kazi. Walibishana hivyo mpaka Bungoma, gari likasimama, mama akashuka na kikapu chake.

Gicheru akatoa kichwa dirishani. "Mama! Kwani mnakula saa ngapi?"