Nyasi Mbichi Sebuleni kwa Mama Ustawi

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote amani iwe kwenu. Kazi yangu ni kuongea na watu. Mnanijua, Mama Ustawi, yule anayepita vijijini akitafuta wagonjwa wa akili mnaowaficha. Msicheke, mnawaficha!

Miaka ya nyuma niliitwa niende Kaisho. Familia moja ilikuwa imemfungia binti yao chumba cha nyuma, miguu kwa kamba. Mimi ni mtoto wa huku, najua mtu haulizwi uchungu wake ukiwa umesimama. Nikaomba mundu, nikakata nyasi, nikazitandaza mle chumbani kama desturi yetu, maana zilizokuwepo zilikuwa zimeoza. Tukakaa chini wote. Kahawa ya kutafuna ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa binti mwenyewe. Baadaye baba yake akainuka, akaifungua ile kamba huku analia. Binti akaanza kliniki na dawa, akapata nafuu, akaolewa, leo ana kibanja chake cha migomba.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Mgonjwa wangu mwingine, niliyemzoea kama mdogo wangu, alijitoa uhai. Nilizika, nikarudi kazini, nikadhani yamekwisha. Wapi! Nikaanza kulala mchana, nikaacha kuoga, nikazima simu. Mimi niliyewaambia watu "usikae na jambo moyoni", nilikosa hata neno moja la kumwambia dada yangu. Mganga hajigangi. Kila nikiamka nilihuzunika kwamba nimeamka. Majirani huko Nyaishozi wakasema wagonjwa wameniambukiza, maneno yakafika hadi Kaisho.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Nikajifunika shuka. Kwa bahati nilikuwa nimesahau kutia komeo, mlango ukasukumwa kwa bega. Ni yule binti wa Kaisho, sasa mama mzima, ana tita la nyasi kichwani! Hakuniuliza hali. Akafagia, akatandaza nyasi juu ya sakafu yangu ya saruji, akakaa, akanishika mkono.

"Bojo, tafadhali, kaa hapa. Sikuulizi kitu."

Akanipa kahawa. Tukatafuna. Harufu ya zile nyasi iliponipata, nililia kama mtoto, naye akakaa tu, hakuninyamazisha. Nilipomaliza akasema, "Kesho ni siku yangu ya kliniki. Tutakwenda wote."

Tukaenda. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, kliniki ninayofanyia kazi mwenyewe, mpaka jina langu likaitwa. Nilitumia dawa, nikasikilizwa, na polepole nikapata usingizi, nikapata njaa, nikapata kazi yangu tena. Mungu ni wa ajabu, jamani. Siku ile Kaisho nilidhani namtandazia yule binti peke yake.

Nawashukuru wenzangu wa kliniki walionipokea bila kunong'ona. Namshukuru dada yangu aliyenipikia ndizi na maharage nisiyoyagusa, na kesho yake akapika tena. Na yule mama wa nyasi yumo humu humu kati yenu, amenikonyeza nisimtaje.

Mwenye mgonjwa nyumbani, acha kamba, kaa naye karibu, kisha mlete kliniki. Nawe unayezidiwa kimyakimya, nakuomba kitu kimoja tu: usitie komeo. Anayekuja kwako ana mzigo kichwani, hawezi kugonga sana.