Kahawa ya Dakika Tisa

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya baiskeli ya Spana, na mguu wake mmoja ni tofali. Miaka kumi na moja, asubuhi ikifika, Mama Birika huyo hapo na kahawa yake, nasi tunaanza kuropoka. Sasa siku ya tatu hajaonekana. Vichwa vinauma, tumenuniana. Ndipo Profesa, ambaye ni kinyozi na shule aliiacha darasa la sita, akatoa simu akaagiza vikombe vinne. Tukabanana kutazama.

SPANA: Hako kadudu kanakotambaa ni nini?

PROFESA: Mwenye pikipiki. Kahawa yetu hiyo, inakata kona.

BI SINDANO: Na hicho kidoti cha bluu?

PROFESA: Sisi.

BI SINDANO: Mungu wangu! Na benchi letu?

PROFESA: Mpaka tofali lake.

Spana sijawahi kumwona akimvulia mtu kofia. Siku hiyo aliivua. Dakika ya tisa pikipiki ikasimama, tukapewa vikombe vya moto, jamaa akaondoka bila kuzima injini. Hata mimi fundi viatu, niliyezoea kubisha, nilibaki mdomo wazi. Kisha Bi Sindano, fundi cherehani asiyeamini kipimo cha mtu, akaichukua simu akasoma.

BI SINDANO: Kahawa mia nane, sawa. Kuletewa bure, sawa. Ada ya huduma mia mbili. Ada ya oda ndogo mia tatu. Ada ya msongamano mia nne. Mfuko mia moja. Mfuko wenyewe uko wapi?

SPANA: Hiyo ni ada ya kuufikiria.

PROFESA: Haba na haba hujaza kibaba.

BI SINDANO: Kibaba cha nani? Bure yao imeizidi kahawa bei!

MIMI: Na msongamano gani, barabara nyeupe hivi?

PROFESA: Hamwelewi. Mashine ilijua tangu jana kwamba leo tutaagiza. Kahawa iliondoka kabla sijabonyeza.

SPANA: Ndiyo maana imefika ya moto! Wanapikia kwenye ekzosi ya pikipiki, nakwambia.

BI SINDANO: Kama inajua kiu yangu ya kesho, basi na siku yangu ya kufa inaijua.

PROFESA: Inaijua. Na ada yake ipo.

MIMI: Na Mama Birika akirudi?

PROFESA: Asiyekuwapo na lake halipo, ndugu yangu. Mwenda pole hajikwai, lakini hafiki!

Tulikuwa bado tunacheka alipokuja mtu tusiyemjua, fundi bati, na birika kwapani.

— Hamjambo wakubwa. Nimemletea mama birika lake, lilitoboka. Aliniachia siku tatu zilizopita, akasema atalifuata kesho yake. Kimya. Kwake ni wapi?

— Kwake? akauliza Spana.

— Aliniambia hutembea saa nzima mpaka hapa, na birika la moto mkononi. Hutokea upande gani?

Saa nzima! Kuja, na kurudi, miaka kumi na moja, na safari hiyo hatukuwahi kuilipia. Niliona aibu, na hofu ikanishika. Profesa alinyoosha kidole upande wa sokoni. Spana akanyoosha upande wa reli. Bi Sindano aliinua mkono, akautazama, akaushusha.