Osob, Aliyeuliza Upepo Umetoka Wapi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita kazini, Bi Osob Diriye anaweka chini darubini yake na kustaafu. Kituo chetu cha hali ya hewa hapa Garissa kitabaki. Utulivu wake, sina hakika.

Alianza kwa kupima mvua, katika mji ambao mwaka mwingine buibui hujenga ndani ya kipimo. Baadaye akajifunza kurusha puto na kulifuata kwa darubini hadi ligeuke nukta. Upepo wa juu na wa chini ukivuma upande mmoja, alitufundisha, wingu hujimwagia mvua na kujizima lenyewe. Wa juu ukitoka upande mwingine, wingu huinama, mvua huangukia pembeni, nalo huendelea kupanda kwa saa nyingi. Hilo ndilo la kuogopwa. Wafugaji walikuwa na namba yake ya simu, na kiangazi kikizidi walimlaumu kwamba ameficha mvua. Alicheka, akaongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa tamu kupita kiasi.

Novemba moja, Mzee Salat wa Sangailu aliweka zizi ndani ya laga, mto uliokauka, awe karibu na visima. Asubuhi hiyo mwandishi wa mistari hii, mgeni kazini, ndiye aliyerusha puto. Huko juu lilielekea kusini-mashariki, naye akaandika upepo wa kusini-mashariki, sawa na ule wa chini. Utabiri ukawa mvua ya nusu saa.

Osob alipitia daftari, akatoka kutazama mawingu, akarudi.

"Walaal, ndugu yangu, wewe umeandika puto imeenda wapi. Mimi nauliza, upepo imetoka wapi?"

Ulitoka kaskazini-magharibi. Papo hapo akampigia Mzee Salat: watoto kwanza, mbuzi baadaye. Wingu lilikaa hadi alasiri ikaisha, na maji yakashuka na laga kwa kishindo. Zizi lilikwenda, na mbuzi kumi na wawili. Watu wote tisa wa familia yake walikuwa mwinukoni.

Miaka saba sasa Mzee Salat humshukuru Osob kwa kugundua hitilafu ya mashine. Leo, katika hafla hii ya kumuaga, amekaa mstari wa mbele na maziwa ya ngamia aliyomletea. Mzee, haikuwa mashine. Nilikuwa mimi, Abdiwali, na dada huyu hakunitaja hata kwa mkuu wetu. Aibu ile ninayo bado.

Abaayo Osob, dada yangu, asante. Mungu akupe afya na mapumziko marefu. Kesho puto nitarusha peke yangu, na kabla ya kuandika nitauliza limesukumwa kutoka wapi.